Bakteria, chembe za plastiki na tangi la lita 1,000

Swali: Mimi ni bibi ninayeishi Mwanza, upande wa mlimani. Maji ya bomba hutufikia kwa mgao, kwa hiyo nina tangi jeusi la plastiki la lita 1,000 juu ya mnara, na mgao ukichelewa hulijaza kwa mpira kutoka kwa jirani. Binti yangu amenisomea kwamba maji ya kunywa yana vipande vya plastiki visivyoonekana kwa macho, kwamba bakteria huota juu ya vipande hivyo, na kwamba klorini haiwaui. Nina mjukuu wa miezi minane ambaye ameanza kupewa maji. Je, niliuze tangi hili na kung'oa mabomba ya plastiki, niweke ya chuma?

Jibu: Mama, nakushukuru kwa swali hili, na nianze na jibu lenyewe ili usilale na wasiwasi: usiuze tangi na using'oe mabomba. Aliyokusomea binti yako yana ukweli ndani yake. Chembe za plastiki zimekutwa katika maji ya kunywa ya nchi nyingi, bakteria huota juu yake, na bakteria waliojishika juu ya kitu huivumilia klorini kuliko wale wanaoelea peke yao. Lakini mambo hayo matatu, hata kila moja likiwa kweli, hayathibitishi kwamba plastiki ndiyo inayouingiza ugonjwa katika kikombe cha mjukuu wako. Kinachohitaji macho yako ni kila uso unaokaa umelowa maji kwa muda mrefu, uwe wa plastiki, wa chuma, wa saruji au wa udongo, na nyuso hizo nyumbani kwako ni kubwa kuliko chembe zote zitakazopita humo kwa miaka. Nitaeleza kwa kirefu, kwa sababu hofu inayoelekezwa mahali pasipo pake huchukua fedha na nguvu za kazi inayokinga watoto kweli.

Bakteria wengi wa majini hawaishi kwa kuelea. Maji yaliyosafishwa ni kama jangwa kwao. Chakula ni kidogo sana na kinapita. Ukitumbukiza kitu chochote ndani ya maji hayo, kioo, jiwe, bati, ubao au plastiki, uso wake hupakwa kwa muda mfupi tabaka jembamba la mabaki ya viumbe yaliyoyeyuka majini, nalo ndilo linalowavuta wakazi wa kwanza. Hao hujishika kwanza kwa kulegea, kisha hujigandisha kwa ute wanaoutoa wenyewe, ambao kwa sehemu kubwa ni sukari na protini. Ute huo hukamata chakula kinachopita, huhifadhi unyevu na huwakinga na dawa. Baada ya siku kadhaa au wiki, spishi nyingi huwa zinaishi pamoja humo, nyingine zikila masalia ya wenzao. Wataalamu huuita mkusanyiko huo biofilamu; mimi nitauita utando. Wewe unaujua tayari: ukoga unaousikia kwa ulimi asubuhi kabla ya kupiga mswaki ni utando wa namna hiyo, na utelezi unaougusa ndani ya ndoo iliyokaa na maji siku nne bila kusuguliwa ni huohuo. Kwa makadirio yanayotumiwa sana na watu wa fani ya maji, takribani asilimia 95 ya bakteria wote waliomo katika mtandao wa mabomba wamejishika ukutani, na asilimia 5 tu ndio wanaoelea katika maji yenyewe. Wengi wao hawamdhuru mtu mwenye afya.

Habari ya plastiki na bakteria haikuanzia bombani, ilianzia baharini. Mwaka 1972 watafiti wawili wa Marekani, Edward Carpenter na Kenneth Smith, waliandika kwamba wamekuta vipande vya plastiki vikielea katika Bahari ya Sargasso, magharibi mwa Atlantiki, na kwamba baadhi ya vipande hivyo vilikuwa vimeota mwani na viumbe wengine wadogo. Mwaka 2004 Richard Thompson wa Plymouth, Uingereza, pamoja na wenzake walilieneza neno mikroplastiki, ambalo leo hutumika kwa vipande visivyofikia milimita 5. Kisha mwaka 2013 Erik Zettler, Tracy Mincer na Linda Amaral-Zettler walisoma vinasaba vya vijidudu vilivyokuwa juu ya plastiki iliyovuliwa Atlantiki ya Kaskazini, wakakuta jamii iliyo tofauti na ile ya maji yanayoizunguka, wakaipa jina la plastisfia. Juu ya kipande kimoja, karibu asilimia 24 ya vinasaba vilikuwa vya ukoo wa Vibrio, ambao ndani yake yumo bakteria wa kipindupindu. Habari ya kipande hicho kimoja imesafiri mbali kuliko utafiti wote uliobaki. Ukoo wa Vibrio, hata hivyo, una spishi nyingi, zilizo nyingi ni wakazi wa kawaida wa bahari, na kulikuta jina la ukoo si sawa na kumkuta mtu unayemtafuta.

Ziwa lenu nalo limeguswa. Mwaka 2016 ilichapishwa taarifa ya uchunguzi wa sangara na sato walionunuliwa hapo Mwanza. Katika kila aina, samaki mmoja kati ya watano alithibitishwa kuwa na plastiki tumboni. Mwaka 2020 watafiti walioko Uganda wakatoa hesabu za upande wa kaskazini wa ziwa: kati ya chembe 0.02 na 2.19 kwa kila mita ya ujazo ya maji ya juu. Sasa linganisha na mitambo mitatu ya kusafishia maji nchini Ucheki, ambayo taarifa yake ya mwaka 2018 ilitaja wastani wa chembe 338 hadi 628 kwa kila lita ya maji yaliyokwisha kusafishwa. Anayeziweka hesabu hizi pamoja atadhani maji ya bomba ya Ucheki yana plastiki mara laki mbili na zaidi kuliko Ziwa Victoria. Sivyo. Ziwani chembe huvuliwa kwa wavu, na wavu hupitisha kila kilicho kidogo kuliko matundu yake, ilhali Wacheki walihesabu hadi chembe za mikroni 1, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita, na hadi asilimia 95 ya walichokikuta kilikuwa na ukubwa wa mikroni 1 hadi 10. Wajerumani waliochunguza maji ya visima na kuhesabu chembe kuanzia mikroni 20 walipata, katika taarifa ya mwaka 2019, kati ya 0 na 7 tu kwa mita nzima ya ujazo. Kwa hiyo mtu akikutajia idadi ya chembe bila kukutajia ukubwa wake, hajakwambia kitu. Na utando wenyewe huongeza ugumu wa kuhesabu, kwa sababu rangi inayotumika kuing'arisha plastiki chini ya darubini hung'arisha pia mafuta ya viumbe hai, hivyo sampuli lazima kwanza isafishwe utando wake, mara nyingi kwa haidrojeni peroksidi, ndipo plastiki itambulike. Si kila maabara imefanya hivyo kwa uangalifu. Mapitio ya mwaka 2019 yaliyopima ubora wa tafiti 50 za maji yalikuta nne tu zilizotimiza kila kigezo.

Hebu sasa tupige hesabu ya tangi lako, kwa kuwa hesabu hii ndiyo iliyonituliza mimi nilipoifanya mara ya kwanza. Chukulia maji yenu yana chembe nyingi kama zile za juu kabisa za Ucheki, 628 kwa lita. Lita 1,000 zitakuwa na chembe 628,000, idadi inayotisha kuisikia. Chukulia pia kila chembe ni tufe la mikroni 10, ingawa nyingi ni ndogo zaidi. Eneo la uso wa tufe hilo ni takribani mikroni za mraba 314. Zidisha kwa chembe zote, utapata sentimita za mraba 2 hivi, yaani eneo la ukucha wa kidole gumba. Tangi lenyewe, likiwa na kipenyo cha mita 1.1 na kina cha maji cha mita 1.05, lina ukuta na sakafu inayolowa ya zaidi kidogo ya mita za mraba 4 na nusu, ambayo ni sentimita za mraba 45,000. Uso wa tangi umezidi uso wa chembe zote zilizomo kwa zaidi ya mara 20,000. Na tukisema nimezipunja chembe, tukazifanya zote ziwe za mikroni 100, jambo ambalo vipimo havilioneshi, bado tangi litakuwa limezizidi zaidi ya mara 200. Sijahesabu hapo tope la chini, bomba la kutoka mtaani, wala ndoo ya jikoni. Mahali pa bakteria pa kuishi nyumbani kwako hapaongezwi na chembe za plastiki kwa kiasi cha kuhisiwa.

Klorini ndiyo sehemu ya swali yenye uzito zaidi. Mwaka 1988 Mark LeChevallier na wenzake nchini Marekani walichapisha majaribio ambayo mpaka leo tunayarejea: bakteria waliojishika kwenye utando walistahimili klorini huru, yaani ile iliyobaki majini ikiwa bado haijatumika, kwa mara 150 hadi zaidi ya 3,000 kuliko wenzao wanaoelea. Angalia utando huo ulioteshwa juu ya nini: punje za kaboni, vipande vya metali na vioo vya darubini. Hapakuhitajika plastiki. Klorini hutumika kadiri inavyoingia ndani ya ute. Tabaka la juu huila, na kinachofika chini ni kidogo mno. Kwa hiyo ni kweli kwamba bakteria juu ya chembe ya plastiki ana kinga fulani dhidi ya klorini, lakini kinga hiyo ni ya ute, na bakteria aliye juu ya punje ya udongo, juu ya kutu au juu ya ukuta wa tangi anayo vilevile. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2019 kuhusu mikroplastiki katika maji ya kunywa, liliyatazama madhara ya aina tatu, yaani chembe zenyewe, kemikali zake na utando wa vijidudu. Kuhusu utando halikuona ushahidi wa kuudhuru mwili wa binadamu kupitia maji ya kunywa, likasisitiza kwamba hatari kubwa ya vijidudu inabaki kuwa kinyesi cha watu na mifugo kisichotibiwa.

Tena bakteria aliyejishika kwenye chembe ana udhaifu mmoja ambao huwa hausemwi: amekuwa mkubwa. Peke yake ana mikroni 1 au 2, na hupenya karibu kila kitambaa. Akiwa amepanda chembe ya mikroni 50, huchujwa pamoja na chombo chake. Ushahidi mzuri kuliko wote ninaoujua wa jambo hili unatoka Bangladesh, nao hauhusu plastiki. Rita Colwell, Anwar Huq na wenzao walifahamu kwamba bakteria wa kipindupindu katika mabwawa ya huko hujishika kwa wingi kwenye viumbe vidogo mfano wa uduvi ambao hawaonekani vizuri kwa macho. Wakawafundisha akina mama wa vijiji vya Matlab kukunja sari kuukuu tabaka nne au zaidi na kuchujia maji ya kunywa. Kitambaa kilichofuliwa mara nyingi hufumuka nyuzi, na tabaka zake huacha matundu ya takribani mikroni 20. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2003 yalionesha kipindupindu kimepungua kwa asilimia 48 katika kaya hizo. Kitambaa hakikumkamata bakteria, kilikamata kile alichokipanda. Kanga ya pamba iliyochakaa itafanya kazi hiyohiyo kwako, ikunjwe tabaka nne hadi nane, ifuliwe na kuanikwa juani baada ya kila matumizi. Nasema ya pamba kwa makusudi, kwa sababu kitambaa cha poliesta nacho hutoa nyuzi za plastiki. Chembe za mikroni chache zitapita, ndiyo, lakini chembe ya mikroni 2 haina nafasi ya kubeba zaidi ya bakteria wachache, nao hao ndio tunaowaachia klorini au moto uwaue.

Nisikupe picha ya kwamba chembe hizi hazina neno, maana kuna mambo mawili yanayonifanya niendelee kuzifuatilia. La kwanza ni safari. Utando wa ukutani hukaa mahali pake, bali plastiki mara nyingi huelea, haiozi haraka, na inaweza kutoka kwenye mtaro wa majitaka hadi karibu na chanzo cha maji ikiwa na wakazi wake. Udongo nao husafiri, lakini huzama mapema. Mtambo wa maji unaofanya kazi vizuri hulikata jambo hili sehemu kubwa, kwa kuwa shabu huzikusanya chembe ndogo kuwa mabonge na mchanga huyazuia mabonge hayo. Huko Ucheki mitambo iliondoa wastani wa asilimia 70 hadi 83 ya chembe, pamoja na udogo wake wote. La pili ni usugu wa dawa. Bakteria wanaoishi wamebanana hupeana vinasaba, vikiwemo vile vinavyowafanya wasisikie antibiotiki, na utafiti uliofanywa kwa maji ya Ziwa Stechlin nchini Ujerumani, uliochapishwa mwaka 2018, ulionesha kwamba upeanaji huo ulikuwa mwingi zaidi juu ya chembe za plastiki kuliko kati ya bakteria wanaoelea. Hili ni jambo la mito, maziwa na mabwawa ya majitaka, na dawa yake iko kwenye utupaji wa taka na usafishaji wa majitaka. Bibi wa Mwanza hawezi kulitatua kwa kubadilisha tangi.

Umetaja mpira, mama, ukautaja kama jambo la pembeni, na kwangu ndio ulionishtua kuliko tangi. Si plastiki zote zilizo sawa mbele ya bakteria. Plastiki ngumu ya tangi na ya mabomba meusi hutoa chakula kidogo kwa vijidudu, lakini plastiki laini, ile ya mpira wa bustani, imechanganywa na vilainishi ambavyo hutoka polepole na kuingia majini, na bakteria huvila. Mwaka 2018 watafiti wa taasisi ya Eawag ya Uswisi na wenzao wa Marekani walipasua bata wa plastiki wa kuchezea watoto bafuni, wakakuta ndani seli milioni 5 hadi milioni 75 kwa kila sentimita ya mraba, na chakula chao kingi kilitoka kwenye plastiki laini yenyewe. Mimi niliwahi kupasua kwa wembe mpira wa kijani uliokuwa umetumika kujazia tangi kwa miaka kadhaa. Ulikuwa umeachwa juani, ncha zote mbili zikiwa chini, maji ya wiki iliyopita yakiwa bado yamo. Ndani ulikuwa na ngozi ya rangi ya chai, na nilipoikwangua kwa ncha ya wembe ilikunjamana na kutoka kipande kizima, kama malai ya maziwa yaliyochemshwa. Kila mara mpira ule ulipounganishwa, msukumo wa kwanza wa maji ulibeba sehemu ya ngozi ile hadi tangini. Hayo ni maelfu kwa maelfu ya bakteria kwa kila tone, na hakuna mikroplastiki inayoweza kushindana nayo.

Mgao wenyewe hufanya kazi inayofanana na hiyo kwa bomba la mtaani. Maji yakikatika, bomba hubaki bila msukumo, na palipo na ufa maji machafu ya nje yanaweza kufyonzwa ndani. Yakirudi kwa nguvu, hubandua utando na tope la ukutani. Watafiti Emily Kumpel na Kara Nelson waliufuatilia mwenendo huu katika miji pacha ya Hubli na Dharwad nchini India, wakalinganisha mitaa inayopata maji saa zote na ile ya mgao, na uchafuzi ulikuwa mwingi zaidi upande wa mgao, hasa maji ya kwanza yanapofika na wakati msukumo unapokuwa mdogo. Ndiyo maana nakuomba usiyaruhusu maji ya kwanza yaingie tangini. Fungua bomba la uani, yaache yamwagike kwenye ndoo za kufulia na kumwagilia hadi yawe maangavu na yasiwe na harufu, ndipo uelekeze tangini.

Tangi lisafishwe angalau mara mbili kwa mwaka, na kila unapoona tope sakafuni. Toa maji yote pamoja na tope, kwa sababu tope ndilo linalokula klorini na kuwaficha bakteria, kisha sugua kuta kwa brashi ngumu na maji. Kemikali haichukui nafasi ya kusugua, na majaribio ya mwaka 1988 niliyoyataja ndiyo sababu. Fundi atumie brashi ya mpini mrefu akiwa nje, na kama ni lazima aingie, awepo mtu wa pili anayemwangalia. Suuza, weka maji kiasi cha robo ya tangi, nyunyiza gramu 80 za klorini ya unga yenye nguvu ya asilimia 65 hivi, kisha jaza tangi. Utapata takribani miligramu 50 za klorini kwa lita. Yakae saa 24, na kabla ya hapo fungua kila koki ya nyumba mpaka harufu ya klorini isikike, ili mabomba ya ndani nayo yapate dawa. Maji hayo hayanywewi. Yamwage, suuza, jaza upya. Klorini isichanganywe kamwe na dawa ya kusafishia choo wala siki. Mfuniko ufunge sawasawa, na bomba la kupumulia liwe na wavu.

Kwa mjukuu, fanya hatua mbili kwa mpangilio huu: chuja kwanza kwa kanga, kisha uua vijidudu. Ukichemsha, maji yakishatokota kwa mapovu makubwa yatosha. Bakteria, virusi na vimelea wengine wa tumboni watakuwa wamekufa, wawe wameelea au wamejishika. Pengine umesikia kwamba kuchemsha huondoa pia plastiki. Utafiti wa Guangzhou, Uchina, uliotoka mwaka 2024 ulionesha kwamba katika maji magumu yenye chokaa nyingi angalau asilimia 80 ya chembe huganda pamoja na chokaa na kuweza kuchujwa, lakini katika maji laini ni takribani robo tu, na maji ya Ziwa Victoria ni laini. Chemsha kwa ajili ya vijidudu, na hilo peke yake ni sababu tosha. Ukitumia vidonge vya kutibu maji, fuata kipimo cha pakiti na usubiri nusu saa kamili. Baada ya muda huo lengo ni miligramu 0.5 ya klorini huru kwa lita, na maji yanapochotwa isipungue 0.2. Vifaa vya kupimia si ghali, na kuna kidonge kinachoyageuza maji kuwa ya waridi klorini ikiwapo. Ukipima kwenye koki ya jikoni utajua hali ya tangi lako vizuri kuliko kwa kusoma makala yoyote, hii ikiwemo. Maji yaliyotibiwa yawekwe katika ndoo yenye koki na mfuniko, isiyochovywa kikombe. Mtoto akiharisha zaidi ya siku moja, akawa mlegevu au asikojoe kama kawaida, mpelekeni kituo cha afya huku mkimpa maji ya chumvichumvi. Msisubiri majibu ya vipimo vya maji.

Mpira wa kujazia tangi ununue mpya, ule uliotengenezwa kwa ajili ya maji ya kunywa, utumike kwa kazi hiyo tu. Ukimaliza, uinue upande mmoja maji yote yatoke, uutundike kivulini na ncha zake zote mbili zikiwa zimefunikwa.

Kuhusu mabomba ya chuma, ungekuwa umelipa fedha nyingi kuirudisha nyuma nyumba yako. Chuma kinachopata kutu huwa na mashimo na vichuguu ambamo utando hukaa salama kuliko juu ya plastiki ngumu yenye uso nyororo, na kutu yenyewe huila klorini kabla haijafika kwenye koki. Kosa la kweli la mabomba ya plastiki, kwa niliyoyaona, liko kwenye ukataji. Fundi akikata bomba jeupe kwa msumeno na kuliunganisha bila kufuta unga wake, unga huo husafiri ndani ya bomba na kukwama kwenye chujio dogo lililo mdomoni mwa koki. Siku nitakayofika hapo kwako ningeanza na chujio hilo: lifungue kwa mkono, ligeuze juu ya sahani nyeupe, uone. Ukikuta vijinyuzi vyeupe vilivyojikunja, vimeteleza na kupata rangi ya kahawia, hiyo ndiyo plastiki yenye utando aliyokusomea binti yako, ikiwa kubwa ya kutosha kuonekana kwa macho. Lisugue chujio kwa mswaki mkuukuu, liloweke nusu saa kwenye maji yenye klorini, lirudishe, na ulifungue tena kila mwezi.